Chuo kinasema kimesajiliwa. Kimesajiliwa kufundisha nini?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza mitumba pale Memorial, Moshi. Kijana wangu wa pili alimaliza kidato cha nne mwaka jana, matokeo hayakumpeleka kidato cha tano, na mwenyewe anasema anataka ufundi umeme. VETA tulichelewa kuomba. Sasa kuna chuo binafsi cha Arusha kimetuletea fomu. Ada yake ni kubwa mno ukilinganisha na ya VETA, lakini wanasema wamesajiliwa na cheti ni cha serikali. Mjomba wake, ambaye ni fundi umeme wa miaka mingi, anasema vyeti vyote ni karatasi tu, na hao wanaokagua vyuo hawajui hata kushika bisibisi. Naomba unieleweshe: NACTVET, lile baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, na VETA wanakagua nini hasa? Na kama kweli wanakagua, mbona vyuo vya ovyo bado vipo?

JIBU: Marahaba, dada. Umeuliza mambo matatu kwa mpigo. Nitayajibu kwa mpangilio wangu, na la mjomba nitaliweka karibu na mwisho kwa sababu linastahili nafasi yake.

Usajili unakuambia kwamba siku wakaguzi walipofika, chuo kilikuwa na majengo, karakana, vifaa, walimu na mtaala vya kutosha kuruhusiwa kupokea wanafunzi katika fani fulani. Ni jambo la maana, lakini linahusu chuo. Ujuzi wa kijana wako unathibitishwa mahali pengine kabisa, nako ni kwenye upimaji. Ndiyo maana mtu akiniuliza chuo fulani kikoje, mimi huwa naanza kwa kuuliza nani anawapima wanafunzi wake, na kama huyo mpimaji ananufaika kwa njia yoyote mwanafunzi akifaulu. Bango la getini nalisoma baadaye.

Nchi yetu ilichukua muda kufika hapo. Zamani mafunzo ya ufundi yalikuwa chini ya idara ndani ya Wizara ya Kazi, na mafundi walipimwa kwa yale majaribio ya gredi: unaanza gredi III, unapanda mpaka gredi I. Bado utakutana na wazee pale Unga Limited wanaokuambia kifua mbele, "Mimi nina gredi wani." Mwaka 1994 ikatungwa sheria iliyounda Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ndiyo VETA unayoijua. Ikapewa karibu kila kitu. Isajili vyuo vya ufundi stadi, vya serikali, vya dini na vya watu binafsi. Isimamie mitaala, itunge mitihani, itoe vyeti. Ipokee sehemu ya ushuru wa kuendeleza ujuzi wanaotozwa waajiri. Na papo hapo iendeshe vyuo vyake yenyewe, kikiwamo cha Moshi kwenu na kile cha Hoteli na Utalii cha Arusha. Miaka mitatu baadaye, 1997, likaundwa Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, NACTE, lisimamie ngazi za astashahada, stashahada na kwenda juu, kwa vyuo kama Chuo cha Ufundi Arusha ambacho kilianzishwa 1978 kwa msaada wa Wajerumani.

Wewe unauza mitumba, kwa hiyo utalielewa tatizo la mpangilio ule haraka kuliko wasomi wengi. Belo linakuja limefungwa, limeandikwa gredi A, na aliyeandika gredi A ndiye aliyelifunga na ndiye anayekuuzia. Huenda ni mkweli. Lakini mpaka ukate kamba huna wa kumuuliza.

VETA ilikuwa katika hali hiyo kuanzia 1994 hadi 2021. Ilifundisha, ikatunga mtihani, ikasahihisha, ikatoa cheti, na ikawakagua washindani wake. Nisieleweke vibaya: vyuo vyake vingi ni vizuri kuliko vya binafsi nilivyovipitia, na watumishi wake wengi nawaheshimu. Lakini chuo binafsi kilichofungiwa kilikuwa na haki ya kunung'unika kwamba kimefungiwa na mshindani wake, na mwajiri aliyepata fundi dhaifu kutoka chuo cha VETA hakuwa na pa kwenda kulalamika ila VETA hiyohiyo.

Marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 yakahamisha kazi hizo za udhibiti. Usajili, ithibati, upimaji na utoaji wa tuzo za ufundi stadi vikaenda kwa baraza, nalo likapewa jina jipya: Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi na Mafunzo ya Ufundi Stadi, ndilo NACTVET. VETA ikabaki na kufundisha na kuendeleza mafunzo. Kwa hiyo leo hii mbele ya NACTVET chuo cha VETA Moshi na hicho chuo binafsi cha Arusha vyote ni vyuo vinavyosimamiwa. Na mtu akikuambia leo "sisi tumesajiliwa VETA", mwombe akuonyeshe karatasi, uangalie ni ya mwaka gani.

Hatukuwa peke yetu kulihangaikia jambo hili. Kenya walipitisha sheria yao mwaka 2013 na wakagawa kazi mara mbili: TVETA inasajili na kukagua vyuo, na chombo kingine, CDACC, kinasimamia mitaala na upimaji. Rwanda walianza na mamlaka moja iliyobeba kila kitu, kisha mwaka 2020 wakawa na bodi ya mafunzo ya ufundi upande mmoja na NESA, mamlaka ya mitihani na ukaguzi wa shule, upande wa pili. Ufilipino ndio waliokwenda njia tofauti. TESDA yao iliundwa 1994, mwaka mmoja na VETA, na hadi leo inaendesha vyuo na inadhibiti pia. Wanachojitahidi kulinda ni kwamba anayekupima asiwe aliyekufundisha, na cheti chao cha taifa kina muda: miaka mitano, kisha unakihuisha. Mimi hilo la cheti kuwa na mwisho nalipenda. Fundi wa friji aliyefuzu miaka ishirini iliyopita na hajagusa gesi za sasa hana tofauti kubwa na asiyefuzu, ila hapa kwetu cheti chake kinabaki kipya milele.

Na kuna nchi iliyotufundisha cha kuepuka. Afrika Kusini, baada ya ubaguzi kuanguka, walitaka mfumo ambao kila ujuzi unaandikwa, unapewa kipimo na kusajiliwa, ili fundi mweusi ambaye hakuruhusiwa kusoma apate kutambuliwa. Nia ilikuwa njema kabisa. Wakaunda mamlaka ya sifa, SAQA, mwaka 1995, kamati zikakaa miaka na miaka, wakaandika vipimo zaidi ya 10,000. Vilivyowahi kutumika kumpa mtu cheti havikufika hata robo. Walikuwa wamejenga kabati kubwa la nyaraka huku karakana zikikosa walimu. Kila nikialikwa kwenye kikao cha kuandaa viwango, na sisi tunavipenda vikao, huwa naikumbuka habari hiyo.

Sasa nikupeleke ndani ya upimaji, maana hapo ndipo ada yako inapoonekana imekwenda wapi.

Ufundi stadi wetu una ngazi tatu za tuzo ya taifa, NVA: daraja la I, la II na la III. Mtaala umejengwa juu ya umahiri, yaani mwanafunzi anapimwa kwa kufanya kazi yenyewe, na matokeo ni kwamba ama amekuwa mahiri au bado. Kwa ufungaji umeme wa majumbani, daraja la I, mtahiniwa hupewa ubao, waya, swichi, soketi, vishikizo vya balbu, sakiti breka na mchoro. Anafunga sakiti, anaipima kwa mita kabla ya kuwasha, kisha anawasha mbele ya mtathmini.

Nakumbuka kijana mmoja niliyempima nikiwa mtathmini, katika chuo ambacho sitakitaja. Kazi yake ilikuwa safi kwa macho. Waya zimenyooka, skrubu zimekazwa, taa ikawaka alipobonyeza na ikazima alipobonyeza tena. Mwalimu wake aliyekuwa amesimama mlangoni akatabasamu. Nikamwambia kijana azime swichi, kisha aguse kishikizo cha balbu kwa testa. Testa ikawaka. Alikuwa ameipitisha nyutro kwenye swichi, na laivu, ule waya unaoleta umeme, ikaenda moja kwa moja kwenye taa. Maana yake ni kwamba ndani ya nyumba ya mtu, mama atazima taa, atapanda kiti abadilishe balbu akidhani umeme haupo, na umeme upo. Nikamwuliza kama alipima kabla ya kuwasha. Akasema mita ya chuo ilikuwa imeharibika tangu muhula uliopita, walikuwa wanatumia "uzoefu".

Nikaandika bado. Mwalimu akalalamika kwamba taa imewaka, nami nikamwonyesha fomu: kosa la usalama halifidiwi kwa usafi wa kazi. Kijana alirudia baada ya miezi kadhaa akafaulu vizuri. Fikiria sasa kama aliyekuwa akimpima siku ile angekuwa ni yule mwalimu wa mlangoni, ambaye mkataba wake unategemea chuo kupata wanafunzi wengi mwakani, na wanafunzi huja kwa kusikia kwamba chuo fulani kinafaulisha. Simwiti mtu mbaya. Angeona taa imewaka, angeandika mahiri, na angelala usingizi.

Ndiyo maana nasema upimaji wa nje ni roho ya jambo hili. Na ndiyo sababu pia ya kuulinda hata pale ulipo. Mtathmini akipokelewa na chuo stendi, akala chakula cha chuo, akalala gesti iliyolipiwa na chuo, huwezi kushangaa kalamu ikawa nyepesi. Baraza lenyewe nalo lina mtego wake: vyombo vya namna hii, kwetu na nchi nyingi zinazoendelea, hutegemea kwa sehemu ada zinazolipwa na vyuo na wanafunzi. Kwenye fomu za vyuo vingi vya stashahada utaona mstari wa ada ya udhibiti ubora. Ukikifunga chuo, unajipunguzia na mapato. Sijasema kwamba ndivyo inavyofanyika. Nasema mpangilio wa fedha usiwe wa kumjaribu mtu.

Ulipouliza mbona vyuo vya ovyo bado vipo, jibu lililo jepesi ni kwamba wakaguzi ni wachache na vyuo ni vingi, na tangu 2021 baraza limebeba ufundi stadi juu ya mzigo wa vyuo vya stashahada na afya liliokuwa nao. Hilo ni kweli, ila nikiishia hapo nitakuwa nimekudanganya kwa nusu.

Kwanza, vyuo vingi unavyoviita vya ovyo si vya bandia. Vina usajili. Ujanja upo kwenye nini kimesajiliwa. Chuo kinasajiliwa kwa ushonaji na kompyuta, bango linaandikwa "Kimesajiliwa", kisha chini yake zinafuata fani saba: umeme, udereva, hoteli, uongozaji watalii, saluni, lugha, na nyingine wataziongeza mkiuliza. Hapa Arusha ugonjwa huu umekaa zaidi kwenye utalii. Kila msimu ukikaribia, vyuo vya waongoza watalii vinachipuka kuanzia Sakina hadi Usa River, miezi mitatu unapewa cheti chenye picha ya simba. Pengine chuo kimesajiliwa kweli, lakini Dodoma au Mwanza, na hiki cha hapa ni tawi ambalo mkaguzi hajawahi kulikanyaga. Usajili huenda na mahali na fani.

Pili, ukaguzi unaotangazwa mapema. Nimewahi kuingia karakana nikaona mashine ya kuchomelea nzuri sana, nikainama kusoma namba iliyochorwa ubavuni kwa rangi nyeupe. Herufi za mwanzo zilikuwa za chuo kingine kabisa. Mkuu wa chuo akaniambia wameiazima kwa mafunzo ya pamoja. Inawezekana. Sakafu chini yake haikuwa na alama hata moja ya cheche.

Tatu, na hili ndilo linaloniumiza, kufunga chuo si kazi nyepesi kama watu wanavyodhani. Chuo kibovu chenye vijana 120 ukikifunga mwezi wa tano, wale 120 wanakwenda wapi? Wazazi wao walishauza ng'ombe, walishakopa vikoba. Mwenye chuo hatarudisha pesa. Mdhibiti mwenye utu anatoa onyo, anaweka muda wa kurekebisha, anazuia kudahili wapya huku waliopo wakimalizia. Kwa nje unaona chuo kibovu kinaendelea, unasema serikali imelala. Mara nyingine imelala kweli. Mara nyingine inasubiri kundi la mwisho litoke. Dawa ambayo ningeipenda ni vyuo binafsi kulazimishwa kuwa na dhamana, fedha iliyowekwa pembeni, ili chuo kikifungwa wanafunzi wahamishwe kwa gharama yake. Hilo bado linabaki ndoto yangu.

Kuna na kosa la nne ambalo wazazi hawalijui mpaka siku ya mwisho. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali, fani halali, walimu wazuri, na bado kijana wako akakosa cheti cha taifa kwa sababu chuo hakikumwandikisha kwenye upimaji. Ada ya mtihani imelipwa kwa mhasibu, jina halijafika barazani. Anamaliza, anapewa cheti cha chuo chenye muhuri mkubwa, anakwenda nacho kuomba kazi, anaulizwa NVA iko wapi.

Sasa mjomba.

Anasema wanaokagua hawajui kushika bisibisi. Ana haki kiasi. Mdhibiti yeyote wa ufundi anayejaza ofisi kwa wenye shahada tupu ataishia kukagua karatasi, kwa kuwa karatasi ndicho kitu anachokijua. Orodha ya wakaguzi ina visanduku: choo cha wasichana kipo, mtungi wa kuzimia moto upo, mwalimu ana cheti cha ualimu wa ufundi, kama kile kinachotolewa Morogoro, anacho. Vyote vinahitajika. Hakuna kisanduku kinachouliza kama mwalimu huyo katika mwaka uliopita aliwahi kufunga umeme kwenye nyumba ya mtu aliyemlipa. Mifumo inayofanya vizuri huwaingiza mafundi na waajiri wenyewe kwenye kuandika viwango na kupima. Ningefurahi kumwona mtu kama mjomba amekaa upande wa watathmini.

Lakini aliposema vyeti vyote ni karatasi, mwulize swali moja kwa upole, ukimpelekea chai: nyumba akimaliza kuifunga waya na mwenye nyumba anataka TANESCO waje kuunganisha, ile fomu inagongwa muhuri na nani? Kama ana leseni ya ufungaji umeme kutoka EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, anagonga mwenyewe, na leseni hiyo aliipata kwa kuonyesha vyeti. Kama hana, anamtafuta mwenye leseni ambaye labda nyumba yenyewe hajaiona, anamlipa, anagongewa. Sehemu ya jasho lake inakwenda kwa mwenye karatasi kila nyumba, mwaka baada ya mwaka. Kijana wako usimwanzishe kwenye njia hiyo.

Na mwambie pia kwamba hajachelewa. Upo utaratibu wa kurasimisha ujuzi, ulioanzia VETA kwa msaada wa Shirika la Kazi Duniani, kwa ajili ya watu kama yeye waliojifunza kazini. Mtu anaeleza historia ya kazi zake, anaonyesha kazi alizofanya, anapimwa kwa vitendo, anafundishwa pale tu anapopungua, kisha anapewa cheti kinachotambulika. Uganda wana cha kwao, kijitabu kinachojazwa ujuzi mmoja mmoja kadiri fundi anavyopimwa, bila kumlazimisha kurudi darasani na watoto. Tatizo la mafundi wetu ni kwamba wakisikia neno "kupimwa" wanaona wamedharauliwa. Mafundi wa magari ya safari hapa Arusha, watu wanaoweza kushusha gearbox ya Land Cruiser porini Ndutu kwa mwanga wa simu, wengi wao kwenye makaratasi ni wasio na ujuzi.

Kuhusu fomu iliyo mezani kwako. Usilipe bado. Chukua jina kamili la chuo kama lilivyoandikwa kwenye fomu, na mahali kilipo, ukaulize NACTVET Kanda ya Kaskazini. Ofisi yao ipo Arusha, na kwenye tovuti yao pia unaweza kuangalia vyuo vilivyosajiliwa. Ukifika usiulize "chuo hiki kimesajiliwa?" Uliza: je, tawi hili la Arusha limesajiliwa kwa ufungaji umeme, kwa daraja gani la NVA, na usajili wake ni wa muda au kamili? Usajili wa muda hauna ubaya, vyuo vingi vipya huanzia hapo, ila ujue unanunua nini.

Kisha panda basi uende chuoni siku ya kazi, Jumanne au Jumatano, saa nne asubuhi, bila kupiga simu. Mtume mjomba aende nawe, hapo ndipo atakuwa na faida kuliko mimi. Mwingie karakanani. Mjomba aombe kuona mita ya kupimia na aiwashe. Aangalie kama kuna vipande vya waya sakafuni na mbao zilizotobolewa mara nyingi, maana karakana inayofanya kazi huwa chafu kidogo. Hesabu vijana wangapi wanazunguka ubao mmoja. Wakiwa kumi, wawili wanafunga na wanane wanatazama. Waulize wanafunzi, si ofisi, walikwenda fildi wapi na nani aliwatembelea wakiwa huko. Mwulize mmoja anayemaliza kama ana namba yake ya upimaji kutoka barazani. Akikuangalia kama hajawahi kusikia kitu hicho, geuka urudi Moshi.

Pesa ilipwe kwenye akaunti ya benki yenye jina la chuo, kwa muhula, na risiti zitunzwe. Ya mtihani idai risiti yake peke yake, na baada ya mwezi mmoja dai namba ya kijana.

Kama hicho chuo hakitapita majaribio hayo, kumsubirisha kijana mpaka VETA wafungue tena maombi si kupoteza mwaka. Atembee na mjomba katika muda huo, ajifunze kutoboa ukuta, kupitisha paipu na kuongea na mteja. Uliza pia chuo cha maendeleo ya wananchi kilicho karibu nanyi, na vyuo vya makanisa, ambavyo Kilimanjaro haijawahi kuvikosa. Baadhi vina karakana nzuri na ada ya kati, lakini navyo vipitishe kwenye maswali yaleyale. Akianza NVA mahali palipo halali, akafika daraja la III, anaweza kuomba kuendelea na ngazi za astashahada na stashahada kwa kufuata sifa za kila programu, hata Chuo cha Ufundi Arusha. Cheti chake cha kidato cha nne kitatakiwa tena huko, kwa hiyo kama kuna masomo anaweza kuyarudia jioni, ayarudie sasa.